Leza ndani ya nyumba ya mawe
Binti wa mchongaji wa Lamu na nakshi za kompyuta

Basi litokalo Mombasa humchosha abiria. Ukishapita Malindi, Garsen na Witu, ukateremka Mokowe na vumbi hadi kwenye kope, boti ya kuvuka kwenda kisiwa cha Lamu huwa kama kikombe cha maji baridi. Huko hakuna kelele za matatu. Kuna punda, na punda wa Lamu hampishi mtu, awe waziri au mpagazi.

Mji huu wa kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, unasifika kwa milango yake ya nakshi, na wageni hupigana vikumbo kuipiga picha. Mimi nilivutwa na mlio katika vichochoro vya Langoni: mvumo mwembamba kutoka dirisha la juu, pamoja na harufu ya mbao zinazoungua.

Nilipobisha hodi nilikaribishwa na mzee aliyeketi dakani akichonga mfaa, yaani ule mhimili wa katikati ya mlango wa Kiswahili. Mlio ule ulikuwa wa bintiye. "Panda juu, mwanangu, ukamwone na jini lake," akaniambia. Wote wawili waliomba majina yao yasichapishwe.

Jini lenyewe ni mashine ya leza ya nyumbani, ambayo ukubwa wake haupiti sinia la pilau la harusi. Ina fremu ya alumini, mikanda, na kichwa kidogo kinachotoa mwali wa buluu kikiongozwa na kompyuta. Hukata plaiwudi ya milimita 3, ngozi na kadibodi, na huchora juu ya mbao ngumu. Mlango wa msaji haiwezi kuukata hata ukingoja mpaka Idi, kwa hivyo mzee hajanyang'anywa kazi.

Lakini macho ya mzee yamefifia, na mlango mmoja humchukua miezi. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imeagiza vibao 30 vya milango ya vyumba, kila kimoja na nakshi na nambari yake. Arubuni ilikwisha kulipwa, na ilikwisha kwenda kwa karo ya kijana wao wa kidato cha tatu. Vibao vikikataliwa, fedha hizo zitadaiwa.

Msomaji huenda akadhani kazi hii ni kubonyeza kitufe tu. La hasha. Binti huanza na karatasi. Babake huchora ua kwa kalamu, naye hulipiga picha kwa simu na kuiingiza katika Inkscape, programu isiyolipiwa. Picha ni vidoti tu. Leza inaweza kuvichoma ili kupata kivuli, lakini ili ikate inahitaji mstari. Programu huweza kufuatisha ukingo wa picha na kuugeuza kuwa mistari, na hapo ndipo wanaoanza hufurahi mapema. Ua la petali nane hutoka na nukta mia kadhaa, ukingo ukitetemeka kama mwandiko wa mlevi. Nilimtazama binti akizifuta nukta hizo, moja baada ya nyingine, mpaka kila petali ikabaki na nne au tano. Mstari ukalainika.

Kisha kuna suala la visiwa, nami nilicheka kulisikia jina hilo nikiwa Lamu. Ukikata mviringo wa ndani ya nambari 0, kipande cha katikati huanguka na kukuachia shimo tupu. Nambari 4, 6, 8 na 9 zina ugonjwa huohuo. Dawa ni kuacha vidaraja vyembamba vya mbao, au kuchora nambari bila kuikata. Yeye aliamua kuchora. Nakshi ya kutoboa haina njia hiyo. Ni lazima ishikane kama wavu, jambo ambalo babake alilijua kabla hajaona kompyuta.

Mistari ya kuchora huipa rangi moja, ya kukata ndani rangi nyingine, na ya ukingo wa nje rangi ya tatu. Ya nje hukatwa mwisho, kwa kuwa kipande kikishaachana na ubao huweza kusogea, na kinachofuata kikaenda upande. Mistari miwili iliyolaliana huifuta mmoja, la sivyo leza hupita mara mbili na kuacha makaa. Kabla ya yote hukata miraba ya majaribio, kwa kasi na nguvu tofauti, kwenye plaiwudi ileile.

Dirisha huwa wazi, miwani ya kinga haimtoki, na mashine ikiwaka haendi hata jikoni. Plastiki ya PVC haikanyagi chumba hicho, maana ikiungua hutoa moshi wa sumu unaotafuna mapafu na mashine pia.

Ugomvi ulizuka alasiri. Mzee alipanda ngazi, akashika kibao cha kwanza na kukigeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, ua hili limekufa."

Binti alikuwa amechora nusu ya ua na kuipindua iwe nusu ya pili. "Baba, mteja ametaka vyote viwe sawa," akajibu kwa adabu.

"Sawa ndiyo. Maiti sikusikia akitaka."

Kwa maoni yangu mzee alikuwa na haki. Binti alirudi kwenye kompyuta, akavuta nukta mbili tatu upande wa kushoto, petali moja ikainama kidogo. Mzee akataka na nyingine. Walimaliza karibu na Magharibi.

Lililobaki ni zito zaidi. Mteja anataka apewe na faili ya nakshi. Faili hiyo ikitumwa kwa simu, karakana yoyote Nairobi itaweza kukata ua la mzee siku hiyohiyo bila kumlipa ndururu. Binti ameamua kutoa vibao tu, ingawa anahofia kwamba mteja ataudhika.

Usiku umeme ulipotea kibao cha 19 kikiwa kinakatwa. Binti aliubana ubao kwa mawe mawili ya mizani usisogee, akawasha kandili. Vibao 11 vilikuwa bado, na boti ya mteja ilitarajiwa Ijumaa.