Njia Nyepesi ya Karura

Msomaji wangu, ukifika Nairobi, ingia msitu wa Karura, ufuate bonde la mto hata kwenye maporomoko ya maji. Njia ni pana, haichoshi. Nilimwona humo mzee na mkongojo wake. Nami nilipofika nilijisifu kwamba nina miguu. Kisha nikakumbuka Januari 1999. Msitu ulikuwa umegawiwa watu wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai akaenda kupanda mche, akapigwa hata damu ikamtoka kichwani. Hapo majivuno yangu yalinyauka. Wepesi niufurahiao leo ulikuwa mzigo wa mwingine jana. Basi tembea, ufurahi. Lakini siku msitu ukihitaji mtetezi, usijifiche nyuma ya mti.