Dole Gumba la Shangazi

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, sikiliza jinsi shangazi yangu alivyotolewa katika chumba cha kupanga.

Shangazi aliishi mjini akiuza vitumbua. Kodi ya miezi 6 aliilipa yote mapema. Mwaka 2012, miezi hiyo ilipokwisha, mwenye nyumba alimtaka ahame. Shangazi alikataa.

"Sidaiwi hata senti," alisema. "Sheria inamlinda mpangaji."

Hakusema uongo. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilimlinda mpangaji. Mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpaka apate amri ya baraza. Tena ilimbidi aonyeshe sababu inayokubaliwa na sheria, kama vile mpangaji kutolipa kodi. Muda wa mkataba kwisha haikuwa sababu ya kutosha.

Lakini sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Shangazi hakupata habari. Sasa mambo ya kupanga yanafuata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na mapatano ya mpangaji na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alishtaki katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilimsindikiza shangazi. Alionyeshwa karatasi, akaulizwa, "Mama, dole gumba hili ni lako?"

"Ni langu."

Karatasi ikasomwa. Ilisema amepanga kwa miezi 6, na muda ukiisha atahama. Zamani mwenye nyumba angeulizwa sababu. Siku ile karatasi ilitosha.

Tulipokuwa tukifunga mizigo, shangazi aliniambia, "Mwanangu, nilitia dole kwenye jambo nisilolijua." Mimi nilijua kusoma, lakini sikuwahi kuomba niione karatasi ile. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Msomaji, kesho wewe au mwanao mtapanga chumba mjini. Kabla ya kutia sahihi, soma mambo haya: umepanga kwa muda gani, kodi ni kiasi gani, na notisi ni ya muda gani. Omba nakala yako. Tunza stakabadhi zote. Kama unapanga mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. Usipoelewa neno, uliza kwanza. Kalamu ingoje.

Maswali
1. Kwa nini shangazi alishindwa barazani?
2. Je, wewe umewahi kutia dole au sahihi bila kusoma? Waeleze wenzako darasani.