Mkasi mmoja, mkono mmoja



Juma hili tunaongea juu ya mkasi. Wengine watacheka na kusema mkasi nao si habari. Ila sanduku letu limetoa dola 260 kwa mkasi mmoja wa kukata nywele, na tangu siku ile tunaulizwa njiani tukitoka kanisani, tunaulizwa Kadutu sokoni: mkasi gani huo unaokula pesa ya mbuzi watatu? Mna haki ya kuuliza. Pesa ya sanduku imetoka kwenye unga, kwenye sambaza na kwenye makala mnayouza ninyi wenyewe, na kila franga inapaswa kujulikana ilikokwenda.

Mnajua kwamba katika chumba chetu cha kazi kuna mabinti sita wanaojifunza kusuka na kukata nywele. Mikasi waliyokuwa nayo ilikuwa miwili tu, yote imechoka. Tulipokaa kuamua, mawazo yaligawanyika. Wamama wa upande mmoja walisema: tununue mikasi sita ya sokoni, kila binti na wake, pesa inayobaki irudi sandukuni. Wa upande wa pili walisema: tununue mmoja wa Japani, wa kweli, mabinti wautumie kwa zamu. Tulikaa mikutano miwili. Tukauliza wenye saloni, tukamuuliza pia dada yetu anayefanya kazi katika saloni ya Matonge, kule Brussels. Haya ndiyo tuliyoyapata, na yanaweza kumsaidia kila mama anayetaka kumnunulia mtoto wake chombo cha kazi.

Kwanza tulijiuliza kazi yenyewe ni ipi. Sehemu kubwa ya kazi ya saloni zetu ni kusuka, kufumua na kuunga meshi. Kwa kukata uzi na ncha za meshi, mkasi wa kawaida unatosha kabisa. Tena meshi zinaua makali. Nyingi zinatengenezwa kwa nyuzi za kiwandani, kama zile za Kanekalon ambazo nazo zinatoka kwa kampuni ya Japani, na nyuzi hizo hazikatiki kama unywele. Anayekata meshi kwa mkasi wa bei kubwa anatupa pesa yake. Kwa hiyo binti anayesuka tu hahitaji mkasi wa Japani, na asione haya juu ya hilo. Anayeuhitaji ni yule anayekata nywele zenyewe: mama anayetaka nywele fupi zilizolingana, ncha za nywele zilizotiwa defriza, perika ya nywele za watu. Makali yaliyochoka hayakati unywele, yanauponda. Ncha inapasuka, na baada ya majuma machache mteja anarudi kulalamika kwamba nywele zake zinakatika.

Sasa, kwa nini Japani? Nchi ile ilikuwa na mafundi wa panga za vita kwa karne nyingi. Mji wa Seki, katika mkoa wa Gifu, ulisifika kwa panga hizo kwa zaidi ya miaka 700. Mwaka 1871 serikali ya mfalme Meiji iliwaruhusu wanaume kukata fundo la nywele walilokuwa wakifunga utosini, na wenye cheo cha kubeba upanga wakaruhusiwa kutembea bila upanga. Mwaka 1876 ikatoka amri ya kuwakataza karibu watu wote kubeba panga. Fikirini: vichwa vinaanza kutafuta vinyozi, na wafua panga wanabaki bila kazi, karibu wakati mmoja. Mafundi wengi wakageukia visu vya jikoni, nyembe na mikasi. Leo Seki bado ni mji wa visu na mikasi, na katika mikoa mingine ya Japani kuna viwanda vya mikasi ya nywele vyenye umri mkubwa. Kile cha mikasi ya Joewell kilianza mwaka 1917, na Mizutani ya Tokyo mwaka 1921.

Kinachoutofautisha mkasi wao ni chuma na makali. Chuma chao ni kigumu. Kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell, mikasi yao mizuri huwa kati ya 58 na 62. Chuma kigumu kinashika makali kwa muda mrefu, lakini kikianguka kwenye sima kinamenyeka badala ya kupinda. Makali yao yana tumbo kidogo kwa nje, kama ganda la kome, na wenyewe wanayaita kwa jina la kome, hamaguri. Upande wa ndani umechimbwa kidogo, ili bapa mbili zigusane pembeni tu. Makali hayo yanateleza kwenye unywele bila kuvuta. Mikasi mingi ya Ulaya, kama ile ya mji wa Solingen huko Ujerumani, ina makali yaliyokatwa mshazari, na mara nyingi upande mmoja una meno madogo sana yanayozuia nywele zisiteleze. Haifai kuidharau. Inavumilia zaidi, na kuinoa si kazi ngumu sana.

Jambo la tatu ni maandishi. Sokoni tuliona mikasi ya dola 6 iliyoandikwa Japan kwa herufi kubwa. Wapendwa, neno hilo peke yake si uthibitisho. Kuandika kwamba chuma ni cha Japani ni tofauti na kusema kwamba mkasi umetengenezwa Japani. Chuma kinaweza kununuliwa na kiwanda cha China au cha Sialkot, Pakistani, ambako mikasi mingi ya dunia inatengenezwa, na kazi ikawa nzuri au mbaya kulingana na mkono wa fundi. Wengine wanaandika 440C kana kwamba ndilo jina la Kijapani. Jina hilo limetoka kwenye orodha ya vyuma ya Marekani, na chuma chenyewe kinatengenezwa katika nchi nyingi. Ni chuma kizuri, ila herufi zilizochorwa haziwezi kuthibitisha kwamba ndicho kilichomo. Wapo pia wanaopima kwa sumaku, wakisema mkasi ukishikwa na sumaku ni bandia. Si kweli. Vyuma vya mikasi mizuri, pamoja na hicho cha 440C, vinashikwa na sumaku.

Basi upime kwa mkono. Urefu wa mkasi unahesabiwa kwa inchi, kutoka ncha hadi mwisho wa pete, bila kile kijiti cha kulazia kidole kidogo. Inchi 5.5 ni kama sentimita 14, na inamfaa mwenye kiganja kidogo. Laza bapa juu ya kidole chako cha kati: ikilingana nacho, uko karibu na kipimo chako. Angalia mpini. Wa zamani una pete mbili zinazolingana, na unalazimisha kidole gumba kunyooka sana. Mwingine una pete ya gumba iliyorudishwa nyuma, na gumba linapumzika. Mwingine umeinama kama shingo ya korongo, ili kiwiko kisinyanyuliwe juu siku nzima. Kwa mwenye kusimama saa nane, tofauti hiyo anaiona usiku, anapokamua nguo.

Kisha angalia skrubu. Shika pete moja, ncha ikitazama juu, fungua pete ya pili hadi mkasi uwe kama msalaba, halafu iachilie. Ikianguka hadi mkasi ufunge wote, umelegea na utakunja nywele. Isipotikisika, umekazwa mno na utamchosha binti. Inapaswa kushuka kidogo na kusimama kabla ya kufunga. Mwisho, kata kipande cha karatasi laini ya choo kilicholowana. Mkasi mzuri unakikata hadi ncha bila kukivuta.

Hapo ndipo tulipofika kwa binti wetu wa kushoto. Katika wale sita, mmoja anatumia mkono wa kushoto, na ndiye anayekata vizuri kuliko wote. Lakini baada ya vichwa viwili alikuwa anaomba kupumzika, na gumba lake lilikuwa limeota sugu. Mama mmoja alisema wazi kile ambacho wengi walikuwa wanakiwaza: ajifunze mkono wa kuume kama wenzake, hata nyumbani aliambiwa hivyo. Tulimsikiliza, kisha tukauliza mafundi. Walitueleza kwamba mkasi wa kawaida umepangwa kwa mkono wa kuume. Vidole vya kuume vinapobana, vinazisukuma bapa mbili zikutane. Vidole vya kushoto vikibana mkasi uleule, vinazisukuma ziachane, nywele zinapenya katikati na kujikunja. Ili akate, binti analazimika kusokota gumba lake kinyume kila mara anapofunga mkasi. Tena bapa ya juu inamfunika asione mstari anaoukata. Alikuwa anakata vizuri kuliko wote kwa chombo kinachompinga.

Mikasi inayosemwa ni ya mikono yote miwili mara nyingi ina mpini tu unaoshikika kotekote, bapa zimebaki za kuume. Mkasi wa kushoto wa kweli una bapa zilizogeuzwa. Sokoni kwetu hatukuuona hata mmoja. Viwanda vikubwa vya Japani vinaitengeneza, na dada yetu wa Brussels aliweza kuushika mkononi dukani, akauangalia kama tulivyoeleza hapo juu, akaununua. Inchi 5.5, mpini wenye gumba lililorudishwa nyuma. Bei na usafiri, dola 260.

Na lile wazo la mkasi mmoja kwa zamu? Tuliliacha. Kila mkono unabana kwa namna yake, na anayeutumia ndiye anayejua skrubu yake ikazwe vipi. Mkasi wa watu sita kila mmoja anaukaza apendavyo, na siku ukianguka hakuna aliyeuangusha. Lakini hatukuchukua pia ile mikasi sita ya sokoni yote kama ilivyo. Mabinti wawili walioanza kukata kwa mkono wa kuume tuliwanunulia mikasi yenye makali ya mshazari, dola 35 kila mmoja. Watatu wanaosuka tu walipata ya sokoni, dola 4 kila mmoja. Jumla yote ni dola 342.

Sababu moja ya kuchagua mshazari kwa wale wawili ni kunoa. Wanoaji wanaopita mitaani wana jiwe la kuzungushwa, na jiwe hilo likigusa makali ya hamaguri mara moja, lile tumbo linaondoka na mkasi unakuwa kisu cha kawaida. Makali hayo yananolewa taratibu, juu ya jiwe bapa la maji, na fundi anayeyajua. Kabla ya kununua mkasi wa Japani, uliza kwanza nani atakaunoa. Sisi tumekubaliana kwamba ukichoka utarudi Brussels na msafiri, na gharama hiyo tumeiandika tayari kwenye daftari.

Kuna sheria chache za kuutunza, na zinafaa kwa mkasi wowote mzuri. Usiutie javeli. Wakati wa Ebola na Covid tulizoea kuloweka kila kitu, lakini javeli inakula chuma, hata kile kisichoshika kutu upesi. Uoshe kwa maji na sabuni, ukaushe, uupanguse kwa alkoli ya asilimia 70. Ukipata defriza au rangi, uusafishe palepale. Jioni, tone moja la mafuta kwenye skrubu, kisha ulale kwenye mfuko wake. Usikate karatasi kavu, wala uzi, wala meshi. Na usimwazime mtu, hata akiwa shangazi.

Pesa zenyewe hazikutolewa zawadi. Binti analipa sandukuni dola 5 kila juma, kutoka kwa wateja anaowakata jioni katika saloni yetu. Amekwisha kulipa majuma 11, bado dola 205. Mwanzoni aliona aibu kupewa mkasi wa bei kubwa kuliko wenzake wote pamoja. Sasa anakata vichwa vitano kwa siku, haombi tena kupumzika katikati, na mama yule aliyetaka ajifunze kuume amekwenda kwake kukatwa mara mbili.

Wawili wa mkono wa kuume nao wameanza kuuliza zamu yao itafika lini. Hilo ni swali la sanduku zima: mkopo wa chombo cha kazi uwe desturi yetu, au tuutoe mara moja moja? Wapo wanaoogopa kwamba binti akiolewa mbali ataondoka na mkasi na deni. Hofu hiyo ni ya haki, tusiizomee. Tutaijadili Jumatano baada ya likelemba. Njooni mapema, na daftari litakuwa wazi mezani kwa kila anayetaka kuhesabu.