Matembezi Mepesi Mjini Nairobi

Mgeni afikaye Nairobi hahitaji gari ili auone mji. Na aanzie stesheni ya reli, kwa maana reli iliyofika hapo mwaka 1899 ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Karibu na hapo ipo bustani ya ukumbusho, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, wakafa watu zaidi ya 200.

Kisha aifuate Barabara ya Moi. Atapita sanamu ya Tom Mboya, aliyeuawa katika barabara hiyo hiyo mwaka 1969, hata afike Bustani ya Jeevanjee, penye vivuli vya kupumzikia. Toka hapo aelekee kusini-magharibi mpaka Uhuru Park. Mwendo wote ni kama maili mbili tu.

Mwaka 1989 ilikusudiwa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa, lakini hakunyamaza. Na jumba halikujengwa. Basi kila aketiye juu ya majani yale na akumbuke kwamba uwanja huo haukubaki wazi kwa bahati, bali ulitetewa. Auache safi kama alivyoukuta.