Kama Maji Yasingekwisha

Wasomaji wetu wa pwani na wa kandokando ya maziwa watatuwia radhi, maana yawezekana wao huona maji kila wafunguapo mlango. Sisi twakaa Ugogo. Huku mvua huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Miezi iliyosalia ni jua, upepo na vumbi. Basi mtu wa huku akitaka kuwaza utajiri, hawazi dhahabu wala majumba. Huwaza maji.

Katika mwezi wa Septemba, wakati visima vya mchangani katika mto wetu mkavu vilipokuwa vimeshuka hata mtu akiingia ndani haonekani kichwa, tuliwapa watoto wa darasa la sita insha ya kuandika: ungefanya nini kama ungepewa maji yasiyokwisha? Twawajua watoto wetu, kwa hiyo tulitazamia habari za bustani na ng'ombe, nazo zilikuja kwa wingi. Mmoja alilima mpunga hata juu ya kilima cha mawe. Mwingine alichimba bwawa la samaki, ingawa kwa kadiri tujuavyo hajapata kuona samaki ila wale wakavu wa sokoni. Mvulana mmoja asiye na maneno mengi aliandika mstari mmoja tu, ya kwamba ataoga, kisha ataoga tena. Tulimpa alama nzuri, kwa kuwa alijibu swali.

Insha za wasichana zilikuwa na jambo jingine. Wao hawakuanza na maji, walianza na saa. Mmoja alieleza yote kwa taratibu: huamka jogoo la kwanza, hushika ndoo na ngata, huenda mwendo wa saa nzima hata mtoni, hungoja zamu yake, kisha huteka kata kwa kata, maana kisima cha mchangani hakitoi maji kwa haraka, hutokwa na jasho tu. Hurudi na lita 20 kichwani, nazo uzito wake ni kilo 20 bila ya kuhesabu ndoo yenyewe. Mwisho akaandika kwamba maji yasiyokwisha yakija mlangoni, atapata asubuhi. Hakusema atafanya nini na asubuhi hiyo, wala hatukumwuliza. Mwenzake naye alikuwa na shaka. Alisema ni huko kisimani mama yake apatapo habari za ndugu zake walioolewa vijiji vya jirani. Je, maji yakija mlangoni, habari hizo atazipata wapi? Vitabu vingi vimeandikwa juu ya maji, lakini swali hilo hatujalikuta katika kimojawapo.

Tangu siku ile tumekuwa tukilipima neno hili kwa hesabu, kama ilivyo desturi ya walimu. Wajuzi wa Shirika la Afya Duniani wasema mtu mmoja ahitaji kama lita 20 kwa siku kwa uchache kabisa, na ili akae vizuri, apike, afue na kuoga, yapasa apate lita 50 mpaka 100. Tutwae nyumba ya watu sita. Kwa kile kipimo cha uchache wahitaji ndoo sita kila siku. Kwa kipimo cha kukaa vizuri wahitaji ndoo 15 mpaka 30. Sasa ni nani atakayezichukua ndoo 15 mwendo wa saa nzima? Hayupo. Kwa hiyo nyumba hiyo itatumia ndoo tatu, au nne mama akiwa na binti mkubwa. Tena itatumia hizo tatu hata kama mto ungejaa tele mwaka mzima na kufurika kingo zake! Maji yasiyokwisha mtoni si maji yasiyokwisha nyumbani. Kipimo cha maji ya nyumba zetu si kina cha kisima, ni shingo ya mama.

Ndiyo sababu hatupendi kusikia watu wakisema kwamba Ugogo ni nchi maskini kwa kuwa mvua yake ni chache, wakaishia hapo kana kwamba wamekwisha kueleza yote.

Haya, na tuseme maji yamefika mlangoni, na hayakomi. Je, kila kitu kitatengenea? Jirani zetu wa Kongwa wana ushuhuda wao. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza huko shamba kubwa la karanga, kwa matrekta na wataalamu na fedha nyingi, na mwaka 1951 likaachwa, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36. Wazee husema kwa mkato kwamba mvua iliwakimbia, na ni kweli mvua ilikuwa haba. Walakini udongo nao ulikuwa wa mfinyanzi, ukipigwa na jua huwa mgumu kama tofali, na mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya chuma. Hata wangepewa ziwa zima, udongo ule wasingeupata laini kwa kuwa wameleta maji. Pengine wangepata tope badala ya tofali. Tena katika nchi za jua kali, maji yakimwagwa shambani mwaka hata mwaka pasipo mifereji ya kuyatoa, chumvi iliyo chini hupanda juu, na shamba likawa jeupe. Na mahali yatuamapo hukaa konokono wa kichocho na viluwiluwi vya mbu. Huko Asia ya kati, kuanzia miaka ya 1960, Warusi waliigeuza mito miwili mikubwa ili inyweshe mashamba ya pamba, wakadhani mito hiyo haina mwisho. Bahari ya Aral iliyokuwa ikilishwa na mito hiyo ilikauka hata mnamo 2007 ikabaki kama sehemu moja ya kumi, na meli za wavuvi zikakaa juu ya mchanga. Watoto wetu walipoonyeshwa picha ya meli hizo walicheka sana. Sisi hatukucheka sana.

Lakini twaona mfano bora uko karibu zaidi, nao ni wa watu wasiokosa maji. Yeyote aliyefika Uchagani ameiona mifongo, yaani mifereji itokayo makorongoni juu ya Kilimanjaro na kupita ubavuni mwa vilima mpaka mashambani mwa migomba. Watu wa huko walikuwa wakiichimba zamani, kabla Mzungu yeyote hajaandika habari za mlima huo. Mgeni wa Ugogo akisimama pale husikia maji yakipita usiku na mchana, akadhani kwamba penye wingi huo hakuna haja ya sheria. Kumbe sheria ni nyingi! Kila mfongo una mzee wake. Kila ukoo una siku yake na saa yake ya kufungulia maji. Usiku maji hulimbikwa katika mabwawa madogo, ili yasipotee watu walalapo. Na ikifika siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kujenga kingo, mtu asiyekuja hutozwa faini, na akizidi ukaidi aweza kunyimwa maji. Twaona ajabu kwamba wenye maji mengi ndio wenye kanuni nyingi za maji. Huku kwetu, ambako maji ni haba, kanuni ni moja tu: awahiye kisimani huteka.

Labda ndivyo ilivyo kila mahali. Isaka mwana wa Ibrahimu hakugombana na wachungaji wa Gerari kwa visima vikavu; waligombana kwa kisima kilichobubujika maji. Hata Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo mtu akisimama ufukoni haoni ng'ambo, si maji yasiyo na mwenyewe. Kwa mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri, nchi za huku zilizokuwa chini ya Waingereza zilifungwa zisifanye kazi yoyote itakayopunguza maji ya Naili pasipo ridhaa ya Misri. Tanganyika ilipokwisha kujitawala ilikataa, mwaka 1962, kufungwa na mkataba huo. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla bomba kubwa la kutoka ziwani halijafunguliwa, mwaka 2009, kwa ajili ya watu wa Shinyanga na Kahama. Wasukuma wa huko walikuwa wakilisikia ziwa kwa jina tu, wakichimba mchanga kama sisi.

Nasi tuna ziwa letu, ila liko chini ya ardhi. Mji wa Dodoma hunywa maji ya visima virefu vya Makutupora. Mji huo uliamriwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, watu wameongezeka sana, na kila mmoja aja na ndoo yake. Wataalamu wamevipima visima hivyo kwa zaidi ya miaka 50, wakaona jambo la ajabu: mvua ya kila mwaka karibu haiongezi kitu huko chini. Maji hupanda katika ile miaka michache tu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kisha watu huishi kwa akiba hiyo miaka mingi, kama nyumba iliyovuna mara moja ikala ghalani muda mrefu. Afunguaye bomba mjini haoni hayo. Kwake maji yatoka ukutani.

Tumeyasema hayo yote kwa sababu kijijini kwetu kuna shauri. Wako wanaotaka tuombe kisima kirefu cha mashine, nao wana haki ya kuomba, ila wataalamu hawajapima kama chini pana maji, au kama si ya chumvi. Sisi walimu tulileta shauri jingine wakati huo tungojapo, nalo ni la paa la shule. Paa letu la mabati lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 8. Mvua ya milimita 550 ikinyesha juu yake kwa mwaka, hesabu yake ni lita 132,000. Tukiondoa sehemu moja ya tano kwa yale yarukayo na kuvuja, zasalia zaidi ya lita 105,000. Watoto wote walistaajabu tulipoiandika ubaoni, na baba mmoja akaja kuikagua hesabu kwa mkono wake, akaikuta sawa. Maji hayo yote tangu paa lijengwe yamekuwa yakimwagika uani na kuchimba makorongo.

Twahitaji mifereji ya bati kandokando ya paa, na tangi. Tangi la kuyaweka maji yote hatuliwezi kwa fedha. Tangi la lita 50,000 twaweza, wazazi wakisomba mchanga na mawe. Nalo litajaa kila mwaka bila shaka, hata mwaka wa mvua haba. Shule ina watoto 300. Tukimpa kila mmoja lita tatu kwa siku, ya kunywa na kunawa mikono, tangi hilo latosha siku 55 za masomo.

Na hapo ndipo penye ugumu. Siku 55 hizo zikianza Mei, tangi litakuwa tupu kabla ya Septemba, yaani kabla ya majira yenyewe ya shida. Likifungwa tangu Aprili, lisiguswe hata siku ya kwanza ya Septemba, litawafikisha watoto karibu na mvua. Kwa hiyo lazima kuwe na kufuli. Lazima kuwe na mtu atakayelipita tangi lililojaa Juni, Julai na Agosti, akisikia watoto wake mwenyewe wakilia kiu, na ufunguo u mfukoni mwake.

Katika kikao wengi walisema ufunguo ushikwe na mwalimu mkuu. Tulipinga, maana walimu huhamishwa, na mgeni hajui uchungu wa Oktoba. Wengine walimtaja mwenyekiti wa kijiji, na wengine wakaguna. Sisi twataka ushikwe na wanawake wawili wa vitongoji viwili, wenye makufuli mawili, ili mmoja asifungue pasipo mwenzake. Mzee mmoja aliuliza kama tumepata kuona wanawake wawili wakipatana juu ya maji, na mama mmoja akamjibu kwamba wao hupatana kisimani kila asubuhi naye akiwa bado amelala. Walicheka, kisha wakaanza kubishana upya, mpaka jua likawa linakuchwa na neno halijakatwa. Ndipo akina mama wakainuka mmoja mmoja, maana walikuwa hawajateka maji ya jioni.