Herufi Iliyongoja Miezi Sita

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa salama, akanenepa, akabatizwa mbele ya usharika mzima hapa Isikizya. Alipofikisha miezi saba vidole vyake vikavimba, akalia tangu jioni hadi majogoo. Tulimpeleka Tabora mjini, na jibu likawa selimundu.

Nyumbani jibu hilo halikupokelewa. Ugonjwa wa kuzaliwa, tuliambiwa, huonekana siku ya kuzaliwa. Huu umekuja baadaye, basi yupo aliyeuleta. Wengine walitaja jicho la jirani, wengine mizimu. Sisi wawili tulifanya vibaya zaidi: usiku tuliulizana ni damu ya ukoo upi. Tunaona haya kuyaandika haya katika kitabu cha kanisa. Wanafunzi wa Yesu nao, katika Yohana 9, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, na tulisahau kabisa alivyowajibu.

Vipimo vilionyesha kwamba kila mmoja wetu amebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua. Jeni hiyo ikiwa moja humkinga mtu na malaria kali, ndiyo maana imeenea katika nchi zetu za mbu. Lakini swali la miezi sita lilibaki. Aliyelijibu ni mwalimu wa baiolojia anayeimba besi kwenye kwaya yetu.

Karibu kila seli ya mtoto, alisema, ina DNA ileile, maandishi ya herufi takriban bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi. Kabla ya kugawanyika, seli huyanakili yote kwa muda wa saa 8 hivi, na haianzi kila mahali kwa pamoja. Kwa kawaida sehemu inazozitumia hutangulia, zilizofungwa husubiri. Hilo tulilielewa upesi: mvua ya kwanza ikinyesha hatuanzi na pori la mbali, tunaanza na shamba linalotulisha.

Jeni ya himoglobini, iliyokosewa herufi moja kwa mtoto wetu, imo hata katika seli za ngozi yake. Humo imefungwa, nayo hunakiliwa kwa kuchelewa. Katika seli za uloto zinazojiandaa kuwa chembe nyekundu za damu, eneo hilohilo hunakiliwa mapema, na jeni zake hufanya kazi. (Mwalimu alituonya tusiseme kwamba kutangulia peke yake ndiko kunakoifungua jeni. Mambo hayo huandamana.)

Tena mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, itokayo kwenye jeni jirani isiyo na kasoro. Baada ya kuzaliwa, ile ya utu uzima huchukua nafasi yake polepole, na kufikia miezi sita hivi imeshika karibu kazi yote. Kasoro ilikuwamo tangu mimba, ila ilikuwa haijaanza kutumika.

Dawa aliyoandikiwa mtoto, haidroksiyurea, huzipunguzia seli malighafi ya kunakilia DNA. Uloto ukibanwa hivyo, hutoa chembe nyingi zaidi zenye himoglobini ya kichanga. Haya yote tulikuwa tumeshaelezwa, na bado baada ya mfungo mmoja tuliiacha dawa. Tuliona kuendelea kuimeza ni kumshuku Mungu. Maumivu yakarudi, tukalala wodini siku 4 tukimpepea kwa khanga.

Usiku wa tatu mmoja wetu aliuliza: hiyo damu ya kichanga aliifanya nani? Mtunga zaburi anamshukuru Mungu kwa jinsi alivyoumbwa tumboni mwa mama yake. Na dawa hii kazi yake ni kuiita tena damu ya tumboni. Hatukuwa na la kubishana. Asubuhi tulimwambia daktari ukweli, hakutugombeza, akatuandikia upya.

Bibi yake bado anasema kuna mkono wa mtu. Lakini jioni, baada ya sala, ndiye anayeita kwanza: mjukuu wangu, umeshameza?