Saba Yenye Mstari

Nikiwa na miaka kumi na saba nilishika bunduki. Msishtuke. Ilikuwa ya plastiki, ya kubandika bei kwenye nguo, na kwa kuishika nililipwa shilingi 50 kwa siku katika duka moja kubwa la mavazi katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka Barabara ya Kimathi. Jina la duka nalimeza.

Mtihani wa kidato cha nne tuliumaliza Novemba 1992. Matokeo bado, uchaguzi wa vyama vingi uko njiani, na mama amechoka kuniona nimekaa kwenye ngazi za nyumba kule Jericho nikihesabu mabasi ya KBS. Mjomba wangu alikuwa dereva wa mtu fulani aliyemjua mtu fulani, nikasemewa. Nikaambiwa nije na shati jeupe, suruali nyeusi, tai, na viatu vinavyong'aa. Vyote tulivipata Gikomba kwa asubuhi moja. Wiki ya kwanza msimamizi wangu aliishika kola ya lile shati, akasoma lebo ya Uingereza shingoni, akaniuliza nilitoa wapi pesa za shati kama hilo. Nikasema nilitumiwa na shangazi. Tangu siku hiyo akanihamishia orofa ya pili, kwenye suti.

Chini palikuwa manukato, orofa ya kwanza nguo za akina mama, ya pili za wanaume. Sisi vibarua tuliingia kwa mlango wa uchochoroni na jioni askari alitupapasa kabla ya kututoa. Kuketi, marufuku. Kila mteja ni Sir au Madam, na Kiswahili tulikiacha mlangoni pamoja na mifuko yetu. Nilizoea upesi, tena nitakuwa mwongo nikisema sikupenda. Nilipenda harufu ya sufu mpya, nilipenda ule mlio wa hanga zikisukumwa kwenye chuma, na nilipenda kujiona kwenye vioo vile virefu, mimi wa Jericho, na tai shingoni.

Sasa bunduki. Mwishoni mwa 1992 dola moja ilikuwa kama shilingi 36. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama 68. Suti zetu zilitoka ng'ambo, kwa hiyo shilingi ikiteleza na bei inapanda. Mimi mambo ya dola sikuyajua kwa gazeti. Niliyajua kwa kidole gumba. Jumatatu asubuhi msimamizi anakuja na karatasi ya bei mpya, nami napita toka suti ya kwanza hadi ya mwisho, tak, tak, tak. Lebo mpya ilipaswa kukaa juu ya ile ya zamani bila ncha yoyote kuchungulia. Ikichungulia unakatwa mbao. Kufikia Machi baadhi ya suti zilikuwa na lebo zilizorundikana unene wa kucha.

Nyuma ya orofa yetu palikuwa na kabati la nguo za wanaolipa polepole. Mteja anachagua suti, analipa kiasi, tunamwekea, kila mwezi anapunguza deni mpaka aichukue. Kila nguo ilikuwa na kadi ya manjano yenye jina, bei, na alichokwisha lipa. Nyuma ya kadi, kwa Kizungu cha herufi ndogo kama chawa, iliandikwa kwamba bei ni ile ya siku ya kumaliza malipo. Sijawahi kumwona mteja akigeuza kadi ile.

Jumatatu moja mwezi wa Aprili msimamizi akaniambia nifungue kabati. Na hizo pia. Nikabandika, na kwenye kadi nikakata bei ya zamani kwa kalamu na kuandika mpya. Kadi ya nne au ya tano ilikuwa na jina nililolijua. Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la saba. Suti ya kijivu, vifungo viwili, 2,950, ameshalipa 1,000 na 650 na 650. Imebaki 650. Nilisimama pale kadi iko mkononi. Msimamizi akauliza kama nimesahau kuandika. Nikaandika: 4,750.

Alikuja Ijumaa, amevaa koti lile lile la kahawia tulilolijua darasa zima. Aliponiona uso ukafunguka.

"Kumbe uko hapa! Kijana wangu!"

"Good afternoon, Sir," nikasema, maana msimamizi alikuwa karibu.

Akacheka, akadhani namtania. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Akatoa 650, noti zimekunjwa ndani ya kitambaa, akanipa kwa mikono miwili kama vile mimi ndiye mkubwa. Nikamweleza kwa Kizungu kwamba imebaki 2,450. Hakubisha. Akaichukua suti, akaweka ukucha kwenye lebo, akabandua. Chini yake 4,100. Akabandua tena. 2,950. Kisha akachukua kadi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaitazama sana.

"Hii saba ni yako," akasema.

Saba yangu ina mstari katikati. Ni yeye aliyetufundisha kuipiga mstari, ili mtu asije akaisoma kama moja akadhulumika. Waliosahau walichapwa viganjani.

"Si mimi niliyepanga, mwalimu." Kiswahili kilinitoka chenyewe. Msimamizi akageuka.

"Sijauliza nani amepanga."

Akaomba pesa zake. Kwa sharti lile lile la nyuma ya kadi zilirudi zikiwa zimepungua asilimia kumi: 2,070. Alizihesabu mbele yangu, polepole, mara mbili, akazikunja na zile 650 kwenye kitambaa. Nikamnong'oneza kwamba Gikomba kuna suti nzuri, kwamba Jumapili sina kazi, ningeweza kumpeleka kwa mtu ninayemjua na fundi wa kupunguza mikono yuko hapo hapo.

"Gikomba napajua," akasema. "Msalimie mama."

Suti ilirudi kwenye hanga siku ile ile. Jumatatu niliipiga bei nyingine. Kadi nilitakiwa kuichana, nikaitia mfukoni, na jioni askari wa uchochoroni akaigusa aliponipapasa. Akaitoa, akaisoma mbele na nyuma, akaniuliza ni ya nini. Nikasema ni karatasi tu. Akanirudishia.